Inchi Tano za Baba

Jumapili, 28 Machi 1993

Mwalimu Kokushubila, anayetufundisha Sayansi Kimu darasa la saba, ametuagiza kila mmoja awe na daftari la masika. Tuandike familia zetu zinakula nini na zinautumiaje mwili, tangu mvua za kwanza mpaka zitakapokatika. "Andikeni kweli," alisema. "Ukila ugali na chumvi, andika ugali na chumvi. Sitaki kuku wa kwenye karatasi."

Basi naanza kwa kweli. Tuko wanne, na tunakaa Mbagala. Baba yangu ni Mfaume, fundi cherehani, kazi yake iko barazani kwetu. Mama hupika na kuendesha nyumba. Dada Zubeda ameposwa na kaka Mudathir, anayeuza mitumba Tandika. Wataoana baada ya Idi ya kuchinja. Mimi ni Nusaiba, nina miaka kumi na minne.

Leo asubuhi chai na maandazi. Baba alitia sukari vijiko vinne. Mchana wali wa nazi, samaki wa nazi na mchicha wa nazi. Usiku vilevile, vilivyobaki.

Mwili: Mama alichota maji. Mimi na Dada tulifua. Baba alikaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi magharibi, akikanyaga.

Mvua imeanza saa hii. Kwenye bati inasikika kama mtu anayepepeta mchele mwingi sana, taratibu, kwa mtu anayempenda.

Jumatatu, 29 Machi

Mwalimu amesema kukanyaga cherehani ni mazoezi ya kisigino, si ya moyo.

Alhamisi, 1 Aprili

Leo Baba aliinuka kwenye kiti akashika ukuta. Alisema baraza inazunguka. Mama na Dada walimpeleka zahanati, nami nikabaki nalinda cherehani na kuiangalia mvua.

Wamerudi na kadi. Ni presha, na iko juu sana. Daktari amempa vidonge na masharti: chumvi kidogo, nazi mara moja moja, sukari aiage, na kila siku atembee mpaka atoke jasho. Amesema asipofuata, asije akashangaa.

Sisi hatutashangaa. Baba Mkubwa Mbwana, kaka yake Baba, alianguka kwa kiharusi mwaka juzi akiwa na miaka arobaini na tisa. Alilala miezi mitatu bila kusema neno, kisha akafa. Baba ana arobaini na saba.

Jioni Mama alisimama jikoni ameshika mbuzi ya kukunia nazi, hakunii. "Mchicha bila nazi," alisema. "Hicho chakula cha mume wangu au cha sungura?"

Baba akajibu kutoka barazani, "Sungura hajawahi kupata presha, mke wangu."

Mama akacheka, halafu nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Jumamosi, 3 Aprili

Tumeanza kutembea, mimi na Baba, baada ya sala ya alfajiri. Tumeshindwa.

Sikujua kwamba huku kwetu mtu hatembei tu. Mtu anakwenda. Tulipofika kwenye mfereji mtu wa kwanza akauliza, "Kwema huko?" Wa pili akauliza, "Fundi, kuna mgonjwa?" Wa tatu, mama mmoja mwenye ndoo, akaweka ndoo chini kabisa akauliza nani amefariki. Baba akasema hakuna, tunatembea. "Mnatembea wapi?" Tukarudi nyumbani kama watu waliosahau kitu.

Jumapili, 4 Aprili

Baba amepata dawa. Leo alibeba dumu la mafuta ya taa, tupu. Hakuna aliyetuuliza. Tulikwenda mpaka Kizuiani na kurudi. Dumu lilikuwa jepesi, likigonga goti la Baba, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba minazi ilionekana vichwa tu, bila miguu. Niliona kama sisi pekee ndio tuliopewa barabara ile, na tulikuwa tunaikunja polepole tukirudi nayo nyumbani.

Njiani tulimkuta Mzee Leodegar akifungua karakana yake. Yeye ni seremala, Mnyamwezi wa Tabora, na Baba ni Mzaramo, kwa hiyo ni watani. Watani hawasalimiani kama watu.

"We Mzaramo! Unahema nini?" alisema. "Babu zangu walitoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, na pembe za ndovu kichwani. Wewe Kizuiani tu, na dumu tupu!"

"Umejuaje ni tupu?"

"Linalia kama tumbo lako."

"Babu zako walitembea sana, ndiyo maana wewe miguu yako imepinda."

Nilimwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika vizuri, kwa upole kabisa, kisha akageuka kumtukana Baba tena.

Ijumaa, 9 Aprili

Ijumaa Kuu. Mzee Leodegar anakwenda kanisani Misheni kwa miguu. Tumemsindikiza mpaka langoni, Baba na kofia yake ya kiua. Dumu tuliliacha nyumbani. Leo tulikuwa na safari.

Jumanne, 13 Aprili

Mchicha na nyanya na kitunguu. Dagaa wa kuchemsha, ndimu nyingi. Ugali wa dona. Mama alitia chumvi nusu kijiko, akaonja, akatazama dari.

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Baba ametembea barazani, kutoka cherehani mpaka nguzo, mara mia mbili. Nilihesabu. Dada Zubeda alisema anampa kizunguzungu, lakini baadaye nilimwona na yeye anatembea chumbani kwake, akiimba.

Jumapili, 18 Aprili

Mama ametufuata! Alisema anakwenda kumtafuta kuku aliyepotea. Sisi hatuna kuku. Alitembea hatua kumi nyuma yetu mpaka Kizuiani, akiangalia vichakani kwa makini, na kila alipokutana na mtu alisema, "Mwekundu, mguu mmoja una uzi." Kurudi alikuwa mbele yetu.

Siku hizi kisamvu hatupeleki kwenye mashine. Mama anakitwanga kwenye kinu, mimi na Dada tunapokezana naye mchi. Mwalimu amesema kazi hiyo ni ya moyo.

Jumamosi, 24 Aprili

Leo nataka kuandika kuhusu suruali.

Baba husema zamani alikuwa anashona, siku hizi anapunguza. Tangu mitumba ijae, watu hawaleti vitambaa. Wanaleta suruali za watu wakubwa wa nchi nyingine, na Baba anazipunguza zitoshe watu wa hapa. Leo alikuwa anapunguza moja ya khaki, nikaona ni yake mwenyewe.

Akanipa tepu nimpime. Siku ya zahanati nilimpima, nikaandika kwenye jalada la daftari: kiuno inchi arobaini na mbili. Leo thelathini na tisa.

"Kata basi hicho kilichozidi," nilimwambia.

Akatikisa kichwa. Akanionyesha ndani ya mshono, jinsi kitambaa kilichozidi kilivyokunjwa na kulazwa kikalala. "Hii inaitwa akiba," alisema. "Fundi mjinga anakata. Fundi mwenye akili anakunja, kwa sababu mtu hurudi. Leo kakonda, kesho kanenepa, atakuletea suruali ileile uifumue. Mwili una njia yake ya kurudi nyumbani, mwanangu."

Nilipolala mchana niliota Baba anatembea juu ya ukungu, mwepesi, na suruali yake inapepea kama nguo iliyoanikwa. Sikuogopa. Nilikuwa nimeshika ncha ya tepu.

Jumatano, 28 Aprili

Zahanati. Presha imeshuka. Daktari amempa mkono Baba. Baba amerudi anautazama mkono wake.

Jumapili, 2 Mei

Sijui kama Mwalimu atataka kusoma haya, lakini alisema tuandike kweli.

Bi Mwanaheri ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Huja kuomba moto, huja kurudisha kijiko, huja bila sababu, na Mama humpenda. Leo nilikuwa nyuma ya nyumba naosha vyombo, yeye akiwa uani kwake na mwanamke mwingine.

"Fundi umemwona lakini?" alisema Bi Mwanaheri. "Anakwisha, shoga. Suruali zinamvuka."

"Si anasema presha?"

"Kila mtu anasema presha. Mie ninavyojua, presha inanenepesha. Mtu hatoki jasho alfajiri na dumu tupu mkononi kama ana akili zake. Huyu anajiaga."

"Unamaanisha ule ugonjwa?"

Nilisikia Bi Mwanaheri anavuta pumzi, na maji ya vyombo yakawa baridi mikononi mwangu.

Jumatatu, 3 Mei

Wateja wawili.

Jumanne, 4 Mei

Mteja mmoja. Alikuja kuchukua nguo yake kabla haijaisha.

Ijumaa, 7 Mei

Mama mmoja aliyeleta sare ya mwanawe amerudi kuichukua. Alisema atampelekea fundi wa karibu na kwake. Baba akamwambia, "Lakini nimeshaanza." Yule mama akasema, bila kumtazama, "Sindano hizo, fundi. Mtu hujichoma bahati mbaya."

Alipoondoka, Baba aliitazama sindano ya cherehani muda mrefu, kama vile ndiyo iliyosema.

Jumamosi, 8 Mei

Kiuno inchi thelathini na saba. Zamani ningefurahi.

Kaka Mudathir amekuja, amesimama mlangoni na viatu vyake vyenye matope. Alimwambia Baba kwa adabu nyingi kwamba shangazi yake, aliyemlea, anaomba mambo ya harusi yasubiri kidogo. Kwa nini? Akasema, "Baba, mie sina neno. Ni watu. Shangazi kaambiwa kwamba nyumba hii itakuwa na msiba kabla ya harusi."

Dada Zubeda alikuwa nyuma ya pazia. Nililiona pazia likitikisika, ingawa hakukuwa na upepo.

Usiku huu nimejilaza nikawaza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Je, kama ni kweli? Je, kama kadi ile ya presha inaficha kadi nyingine? Nikajaribu kumfikiria Baba akiwa na ugonjwa ule, na nikakuta ni Baba yuleyule, na tepu shingoni. Basi ningempikia mchicha uleule. Wazo hilo linanipa usingizi.

Jumapili, 9 Mei

Baba hakutoka alfajiri. Dumu liko nyuma ya mlango.

Mama amekuna nazi mbili. Wali, samli, nyama ya mafuta, chai vijiko vinne. "Kula, baba Zubeda," alisema. "Kula wakuone umerudi."

"Na daktari?" niliuliza.

"Daktari haozi binti," alijibu Mama. Hajawahi kunijibu hivyo.

Jumatano, 12 Mei

Wali wa nazi. Mvua.

Alhamisi, 13 Mei

Wali wa nazi. Mvua. Baba anakula kama mtu anayelipa faini.

Jumatatu, 17 Mei

Nilimweleza Mwalimu Kokushubila baada ya kipindi, nikiwa nimetazama ubao. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Kwetu Bukoba tumezika watu wengi kwa ugonjwa ule, Nusaiba. Wengine walikufa kwa ugonjwa. Wengine walikufa kwa kutosalimiwa." Kisha akauliza Baba ametembea lini mara ya mwisho. Nikamwambia. Akanigeuzia mgongo akaanza kufuta ubao ambao tayari ulikuwa safi.

Nimeandika kama ilivyokuwa, ingawa ile ya ubao siielewi. Labda alikuwa analia.

Alhamisi, 20 Mei

Hanenepi. Mama anamjaza chakula lakini huzuni inakila kabla yake. Nimempima: thelathini na saba ileile.

Jana na leo ameshona koti. Nilidhani ni la mteja. Ni lake. Ndani ya bitana ameweka sponji, tumboni na mabegani na mgongoni, ameitandaza vizuri kwa mishono midogomidogo ambayo fundi mwingine asingeiona. Alilivaa akasimama mbele ya kioo. Alikuwa Baba wa mwezi wa tatu kabisa.

"Shangazi wa Mudathir anakuja Jumapili ya wiki ijayo na wazee," alisema. "Anataka kuniona kwa macho yake. Ataniona."

"Joto, Baba."

"Nitavumilia."

Ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona. Nilitamani iwe mbaya.

Jumamosi, 22 Mei

Nitaandika kama ilivyotokea.

Saa nne asubuhi Baba alikuwa anashona, na watu watatu barazani wamejikinga mvua. Ghafla kichwa chake kikainama, mguu ukaendelea kukanyaga, na sindano ikapita kwenye kidole. Damu ikatiririka juu ya kitambaa cheupe.

Wale watu watatu waliingia kwenye mvua. Wote. Bi Mwanaheri alikuwa anakuja na bakuli, akasimama katikati ya uwanja, bakuli likijaa maji.

Mimi nilipiga kelele. Aliyekuja ni Mzee Leodegar, mbio, na miguu yake iliyopinda, na vumbi la mbao mikononi. Alikishika kidole cha Baba na damu yake, akakibana kwa nguvu, akakifunga kwa kipande cha kitambaa. "Mzaramo," alisema, "hata kushona hujui. Nguo iko huku, wewe unashona kidole." Lakini hakuwa anacheka.

Zahanati presha imerudi juu kuliko siku ya kwanza. Nesi aliisoma mara mbili. Akamwuliza Baba, "Umekula nini?" Baba akasema, "Maneno ya watu."

Mzee Leodegar aliyasikia hayo. Njia nzima ya kurudi hakumtania hata mara moja. Mtani akinyamaza, mtu huogopa.

Jumatano, 26 Mei

Mvua zimepungua. Asubuhi kulikuwa na jua dogo jepesi, kama maziwa yaliyotiwa maji. Dumu bado liko nyuma ya mlango.

Jumapili, 30 Mei

Nitaandika yote, kurasa zikiisha nitaomba daftari jingine.

Wageni walifika saa kumi: shangazi yake Mudathir, mwanamke mrefu mwenye baibui safi, Mudathir mwenyewe, na wazee wawili. Mama alikuwa amepika pilau, na Bi Mwanaheri alikuja kusaidia kama desturi. Baba alikaa mkekani ndani ya koti lake. Tepu ilikuwa shingoni kama siku zote, nadhani alisahau kuivua. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Watu walizungumza habari za mvua, na barabara, na mvua tena. Shangazi alimtazama Baba, akatazama chini, akamtazama tena.

Hapo ndipo kilio kikasikika nje.

"Uwiii! Mtani wangu! Mtani wangu kafa, na hakuna aliyeniambia!"

Mzee Leodegar akaingia. Alikuwa amevaa shati nje ndani, kichwani kajifunga tambara, penseli sikioni. Nyuma yake mtaa mzima. Alijitupa miguuni kwa Baba akalia kilio cha kweli, cha sauti kubwa, mpaka mzee mmoja mgeni akasimama kwa hofu.

"Turubai liko wapi?" alisema Mzee Leodegar. "Kuni ziko wapi? Msiba gani huu, pilau limeiva na maiti hajaoshwa?"

"We Mnyamwezi," alisema Baba, "nani kakwambia nimekufa?"

"Maiti kimya! Mtaa mzima unajua. Mie mtani, ndiye niliyetakiwa nijue wa kwanza, nimeambiwa wa mwisho. Nimekuja kukupima sanduku."

"Sie hatuzikwi na sanduku, mjinga wewe!"

"Basi nitapima maiti hivyohivyo, nisirudi mikono mitupu."

Mtu mmoja dirishani alicheka. Hapo nilielewa anachofanya. Watani ndio wenye ruhusa ya kutania hata msibani, na hakuna anayeweza kuwakasirikia. Neno ambalo hakuna aliyethubutu kulisema mbele ya Baba, yeye alikuwa anapita nalo mlangoni mchana kweupe.

Aliivuta tepu shingoni mwa Baba akamzungushia kiunoni, juu ya koti. Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Jamani, maiti huyu ana godoro!" Akaingiza mkono kwenye bitana, akachomoa kipande cha sponji, akakiinua juu. "Bibi harusi! Zubeda! Njoo uchukue, godoro lako la kwanza!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Hata Mudathir. Baba alifumba macho, na nilidhani atalia. Kisha akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua akaliweka kando. Chini yake alikuwa na shati lililolowa chapachapa, na mwili wake, mwembamba, mzima.

Mzee Leodegar akampima vizuri. "Thelathini na saba. Na mvua zilipoanza alikuwa ngapi?"

Hakuna aliyejua ila mimi.

"Arobaini na mbili," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini ilifika.

"Inchi tano! Haya, maiti, mirathi hiyo. Umemwachia nani inchi tano?"

Baba akawatazama watu wote waliojaa mlangoni. "Nimezimwaga barabarani," alisema. "Kutoka hapa mpaka Kizuiani, kila alfajiri, mie na binti yangu na mke wangu na kuku wake. Anayezitaka akaziokote." Walicheka, lakini yeye aliendelea taratibu. Aliitoa kadi ya zahanati mfukoni akaiweka mbele ya shangazi. "Ni presha, dada yangu. Kaka yangu Mbwana alianguka na kitambi chake, mkasema alikuwa na afya nzuri. Mie nimetaka kuishi, mmeniogopa. Na kama ningekuwa na huo mnaouwaza, ningeupata mkono wa nani siku ile nilipochomwa sindano?"

Hakuna aliyecheka tena.

Ndipo Bi Mwanaheri akaliachia sinia alilokuwa amebeba. Alikaa chini palepale mlangoni mwa jikoni. "Fakihi, mdogo wangu," alisema, "alianza hivihivi. Kwa suruali. Nilimwona zinamvuka, sikumwuliza. Tulinyamaza wote mpaka tukamzika mwaka jana, na makaburini pia tukanyamaza. Nilipokuona, shemeji, niliona yeye. Ningekuja kukuuliza. Niliogopa, nikaenda kusema kwa watu."

Nilikuwa nimemchukia wiki nne nzima. Nilimtazama, nikaona ni mwanamke aliyebeba maiti peke yake mwaka mzima. Mama alimwendea akakaa naye chini, bega kwa bega.

Shangazi yake Mudathir aliisoma kadi, au alijifanya kuisoma. Kisha akamgeukia mpwa wake. "Huyu ana miaka ishirini na sita na kitambi cha meneja," alisema. "Fundi, ukienda huko Kizuiani, utamchukua?"

"Abebe dumu," alisema Baba.

Harusi ni Ijumaa ya pili baada ya Idi. Mzee Leodegar alidai haki ya mtani akapewa sahani ya pilau, akalalamika chumvi hakuna.

Jumatatu, 31 Mei

Mchicha. Ndimu. Dona. Mama ameonja, safari hii hakutazama dari.

Jumanne, 1 Juni

Idi. Mvua zimekatika, mbingu imefuliwa.

Tulitoka mapema, kabla ya swala ya Idi: Baba, Mama, Dada, mimi, na Bi Mwanaheri nyuma na kanga mpya. Kwenye karakana Mzee Leodegar akajiunga, akisema anakuja kuhakikisha maiti hapotei. Ukungu ulikuwa mwepesi, ukipanda kutoka mashimo ya maji, na vyura walikuwa wanaumalizia wimbo wao. Dumu tumeliacha nyuma ya mlango. Kwenye mfereji yule mama mwenye ndoo aliuliza, "Kwema huko?"

"Kwema," alisema Baba. "Natembea tu."

Yule mama alitutazama sana. Kisha akasema, "Haya, tembeeni," kama mtu anayetoa ruhusa.

Tulipokula nyama ya Idi (Baba vipande viwili, bila mafuta, tumehesabu), Baba alizitoa suruali zake zote tatu akazigeuza ndani nje. Akaifumua mishono, akaikunjua ile akiba iliyolala, akaiangalia. Nilidhani anataka kuipanua. Akachukua mkasi mkubwa akaikata, suruali ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila haraka, kwa ule mlio mzuri wa mkasi unaojua unakokwenda.

Kipande kimoja cha khaki amenipa. Nimekibandika hapa, chini ya tarehe, ili Mwalimu aone kwamba nimeandika kweli.